Viluwiluwi Walioitwa Kuamua Kesi ya Dada

Naandika daftari hili kwa Kiswahili kwa sababu katika nyumba yetu ya mtaa wa Tsaramandroso hakuna anayekisoma isipokuwa baba, na baba hasomi hata kalenda. Tulirudi Mahajanga kutoka Mombasa nilipokuwa na miaka kumi. Nyumbani watu wanasema Kikomoro, barabarani Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na mimi lugha zote hizo nilizipokea kwa njia moja tu: kwa kunyamaza. Kwa hiyo maneno ya watu humu ndani nimeyageuza mimi mwenyewe. Kama nimewaonea, watanisamehe, maana hawatajua.

Aliyekuwa akinisemea ni dada. Dukani alisema, "Anataka sabuni, ile ya kijani." Mimi mwenyewe sikuwa najua kama ni ya kijani mpaka aliposema. Kwenye zahanati mganga aliniuliza naumwa wapi, dada akajibu, na alipatia. Alipoposwa nilikosa usingizi wiki nzima, mpaka Koko, bibi yetu mzaa mama, aliponichekea. Kwetu watu wenye asili ya Komoro binti haendi popote. Anajengewa nyumba katika ua wa kwao, na mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Na kweli, shemeji alikuja. Alikuja na sanduku, jozi mbili za viatu, na mafua ambayo hayajapona mpaka leo.

Taabu ilikuwa kwamba shemeji anatoka kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Marodoka, na kwao mambo ni kinyume: mke ndiye hufuata. Mimba ya dada ilipofika mwezi wa nane, mama yake shemeji akaja kukaa nasi. Alisema amekuja kusaidia. Hakuna aliyeamini. Mjomba wake shemeji ana mtambo wa kuchemshia maua ya langilangi na kutoa mafuta yake, na kazi ilikuwa inamngoja shemeji huko. Mama mkwe alikuja kuwachukua, na Koko alijua amekuja kuwachukua, na kila mmoja alimkaribisha mwenzake chai kwa heshima ya kutisha.

Mimi nilitaka jambo moja tu: dada asiende. Akienda, nani angesema nataka nini?

Wiki ile ile, mwalimu wetu wa sayansi, mtu mrefu mwenye sauti ya usingizi, akatuambia kitu kilichoniamsha. Yai la chura halina ganda, alisema. Ni tone la utelezi lenye nukta nyeusi katikati, na maji hupita humo kama kwenye kitambaa. Nukta ile inapoanza kuwa kiluwiluwi, pua hujitengeneza mapema, kabla hajajua hata kuogelea. Ukitia harufu kwenye maji, anajifunza harufu hiyo angali yai. Akianguliwa, ukaiweka upande mmoja wa chombo, huiendea kama anayekwenda kwao. Na hofu pia hujifunza humo humo. Harufu ya adui ikimfikia pamoja na harufu ya viluwiluwi waliopondwa, basi siku akitoka, akiinusa ile ya adui peke yake, anaganda palepale, hatikisiki.

"Kama huyu," akasema mvulana mmoja wa nyuma, akaninyooshea kidole.

Darasa zima likacheka. Sikutikisika.

Tuliambiwa tujaribu wawili wawili. Nilifanya peke yangu, maana kupata mwenzi kungetaka nimwombe mtu. Mvua zilikuwa zimeanza, na dimbwi la nyuma ya ukuta wa shule lilijaa mayai, yametanda juu ya maji kama pilipili manga iliyomwagika kwenye uji wa wanga. Nikachota kwa kikombe, nikayagawa kwenye chupa mbili za jamu, nikaziweka dirishani kwa dada. Chupa moja ilikuwa ya maji matupu. Ya pili ilihitaji harufu.

"Tia langilangi," dada akasema. Alikuwa amelala ubavu, tumbo limetangulia. "Mama mkwe amekuja na chupa nzima. Tone moja hataliona."

Aliliona. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama chupa ya jamu.

"Unawapaka chura marashi?"

Nikamtazama dada. Dada akamweleza yote, yai, utelezi, pua, harufu, vizuri kuliko mwalimu. Mama mkwe akaketi kitandani polepole.

"Kwa hiyo akiwa ndani ananusa ya nje."

"Chura, mama," dada akasema.

"Na mwanadamu pua yake ndogo kuliko ya chura?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningeweza kumwambia kwamba mtoto hayuko dimbwini, kwamba kati yake na mafuta ya mgongoni kuna ngozi na nyama na mambo mengine tuliyochora kwenye daftari, na kwamba mwalimu hakuwataja watu hata mara moja. Lilinijaa mdomoni zima zima. Nikalimeza.

Asubuhi iliyofuata kwenye maji ya kuoga ya dada yalielea maua ya manjano. Chini ya mto kulikuwa na maua. Tumbo lilipakwa mafuta mpaka likang'aa kama kitasa cha mlango wa ofisi. Jirani aliyekuja kuazima kinu aliuliza kama kuna harusi. Shemeji peke yake hakunusa kitu, kwa ajili ya mafua.

"Kuna nini hapa?" Koko akauliza. "Tumefungua duka la manukato?"

Shemeji, ambaye hajui kuficha, akamweleza habari ya chura. Koko akainusa tena hewa.

"Aaa," akasema. "Mtoto anafundishwa njia ya Nosy Be."

Mama yetu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kamba wa baharini, anawamenya kutwa nzima, na akirudi jioni hataki kusikia habari ya mtu. Hakuulizwa. Koko alichukua kamba wakavu wote tuliokuwa nao, akawatunga kwenye uzi mrefu, akautundika juu ya kitanda cha dada kutoka msumari huu hadi ule. "Na yeye aijue Mahajanga," akasema. Mama mkwe akafungua madirisha yote. Koko akayafunga. Chumba kikawa na harufu ambayo hadi leo sina jina lake. Ni kama bibi harusi aliyeanguka sokoni.

Dada alihamishia kichwa upande wa miguu. Uzi ukahamishwa naye.

Kosa langu la pili, baada ya kulimeza lile jibu, lilikuwa kuacha daftari la sayansi mezani. Baba alimsomea Koko ile sehemu ya hofu. Ni kitu pekee nilichowahi kumwona baba akisoma, na alisoma hicho. Tangu siku ile, kila mama mkwe alipofungua chupa ya mafuta, Koko alitokea na vifuniko viwili vya sufuria, akavigonganisha karibu na tumbo, pwaa!

"Koko!" dada akaruka.

"Si wewe. Namwambia aliye ndani. Akinusa haya mafuta ajue kuna jambo."

"Utamtoa mtoto kabla ya siku zake, mama yangu," mama mkwe akasema.

"Akitoka mapema atatokea hapa hapa Mahajanga. Sina hasara."

Mwalimu hakusema lolote kuhusu vifuniko. Lakini mimi nilikuwa wa kumwambia nani?

Chupa zangu mbili za shule zilimaliza kazi yake. Mayai yalipoanguliwa niliwamimina kwenye beseni, na viluwiluwi wa langilangi, wengi wao, waliogelea upande wenye langilangi, na wale wa maji matupu walizurura tu. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya beseni pamoja nami. Akapiga kofi moja.

"Umeona? Basi tuwaulize hao. Watuambie mtoto atakwenda wapi."

"Hao?" Koko akasema kutoka jikoni. "Hao wamelelewa na mafuta yako. Hao ni mashahidi wa kuhongwa."

Wakabishana mpaka wali ukaungua. Mwisho walikubaliana, na hilo ndilo lililonishangaza, kwamba haki ni kuchukua mayai mapya na kuyatia harufu zote mbili kwa pamoja, kama tumbo la dada lilivyopata zote mbili. Wakianguliwa, wawekwe kwenye beseni, langilangi mwisho huu, kamba mwisho ule. Watakakokwenda wengi, ndiko dada na shemeji watakakoishi. Shemeji alikubali. Mama mkwe aliapa. Koko aliapa mara mbili. Dada alisema, "Nyinyi hamna kazi," akageukia ukutani, na wote wakachukua hiyo kuwa idhini.

Mwenye kuendesha shughuli yote nikawa mimi, kwa sababu ndimi niliyesoma.

Sasa nitaandika ukweli, kwani hakuna anayesoma. Katika zile siku za kuchezea mabeseni niligundua jambo ambalo halikuwa kwenye somo. Jua la Mahajanga likipanda, maji ya beseni yanapata moto upesi, na kiluwiluwi hana mzaha na moto. Anakimbilia kivulini, harufu au hakuna harufu. Siku ya kesi niliweka beseni ukingoni mwa baraza, nusu juani, nusu chini ya upenu. Kifuko cha langilangi nikakiweka juani. Kamba nikawaweka kivulini. Halafu nikaketi, nikaweka mikono magotini kama mtu asiye na hatia.

Majirani walikuja. Sikuwaalika, sijawahi kumwalika mtu. Mmoja alileta kigoda. Mwingine alileta mtoto ili aone elimu. Dada alitolewa nje, akaketishwa kwenye mkeka, mdai asiyeulizwa anadai nini. Nikamimina viluwiluwi katikati.

Kwanza walizunguka tu, vichwa huku na mikia kule. Mama mkwe alikuwa akiwanong'oneza. Koko akamkemea, "Usiwasemeshe!" Kisha jua likakolea. Mmoja akaelekea kivulini. Watatu. Halafu kundi zima, kama watoto waliosikia kengele. Upande wa langilangi alibaki mmoja, na huyo nadhani alikuwa mgonjwa.

Koko alipiga vigelegele mpaka mbwa wa barabarani wakajibu. Majirani wakapiga makofi. Mtu alimpongeza shemeji, akashukuru kwa kupiga chafya. Nami nilijisikia vizuri sana. Sitaki kudanganya hapa. Nilijisikia kama mtu aliyekula sahani mbili.

Mama mkwe hakubisha. Hilo sikulitarajia. Alisimama, akapangusa magoti, akasema, "Haya. Wamesema," akaingia ndani kukunja nguo zake.

Na dada akasema, "Sawa," akainuka kwa tabu, akaingia chumbani.

Nilimfuata ili nifurahi naye. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la shemeji, anatia ndani kitu nilichowahi kukiona kwa mbali tu: pazia la maua mekundu alilokuwa akilishona miezi yote ile kwa mkono. Nilidhani ni la mtoto. Alipolikunjua ili alikunje vizuri, nikaona ni refu mno. Hakuna dirisha refu hivyo katika nyumba yetu. Hakuna refu hivyo mtaani kwetu. Na juu ya sanduku kulikuwa na kipande cha ugwe chenye mafundo mawili, ambacho shemeji alikuwa amekileta kutoka kwao alipokwenda kuzika mzee mmoja. Kipimo.

"Hili ni la dirisha gani?" nikauliza. Kwa dada sauti ilikuwa ikinitoka.

"La huko. Linatazama bandani kwa ng'ombe. Si dirisha la maana." Akalaza pazia, akalipapasa mikunjo. "Basi tena. Litakuwa shuka."

"Ulitaka kwenda?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama ana miguu.

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiambia mashine ya mjomba wake inavuma kutwa na hakuna anayemsikia mwenzake," akasema. "Nilifikiri, hapo sasa nitapumzika kusema."

Sikujua kwamba kusema kunachosha. Nilifikiri kunachosha kwangu tu.

Nilirudi nje. Majirani walikuwa bado, Koko anawahadithia kile walichokiona kwa macho yao. Nikasimama kando ya beseni. Nikasema, "Nilidanganya."

"Nani amesema?" Koko akauliza, akitazama huku na huku.

"Huyu," akasema jirani wa kigoda.

"Huyu nani?"

"Mjukuu wako!"

"Ana mafua? Mbona sauti iko hivyo?"

Sauti ilikuwa hivyo kwa sababu haikuwa imetumika. Nikasema tena, "Nilidanganya. Wanataka kivuli." Halafu maneno yakanishinda, nikaona heri mikono. Nikashika beseni kwa pande mbili, nikalizungusha polepole mpaka langilangi ikaja kivulini na kamba wakaenda juani. Tukangoja. Mama mkwe alikuwa ametoka, nguo moja begani. Maji yalipopata moto, lile kundi likageuka lote, likawapita kamba, likaja mpaka kwenye langilangi na kutulia.

"Kumbe wanataka kivuli tu," jirani akasema.

"Hata mimi," akasema mwenzake, akasogeza kigoda.

Kicheko kilianzia kwa shemeji, kikawa chafya, kikawa kicheko tena. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ile nguo. Koko hakucheka.

"Umeniponza mbele ya watu," akasema, "kwa kunipa ushindi, halafu umeniponza tena kwa kuninyang'anya. Chagua moja!"

"Muulizeni dada," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya mwisho siku hiyo. Nilikuwa nimeishiwa.

Dada alikuwa mlangoni, kashikilia mwimo. Alisema atajifungua hapa, kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na arobaini ikitimia ataondoka na mumewe. Alisema hivyo tu, bila kupaza sauti.

"Na nyumba?" Koko akauliza. "Nyumba umejengewa wewe."

"Mpe mdogo wangu."

"Huyu? Mume atampataje, kwa ishara?"

Mtoto alizaliwa siku ya mvua, mwanamume, ana masikio ya shemeji. Mama mkwe alimpitishia ua la langilangi puani, kwa siri. Koko alimpitishia kamba mkavu, kwa siri. Nilikuwa nyuma ya mlango nikaona yote mawili. Mtoto alilala moja kwa moja, na kila mmoja alitoka akitabasamu, ameona alichotaka.

Arobaini ilipotimia wakaondoka. Nilimnunia dada siku tatu kabla ya safari, kwa uchungu, bila kumsemesha neno. Hakutambua. Kwake nilikuwa kama kawaida yangu. Hilo liliniuma kuliko safari yenyewe, na nilipolifikiria sana likanichekesha, nikiwa peke yangu kwenye gari la kurudi kutoka kuwasindikiza.

Likizo ndefu nikapelekwa Nosy Be, nikiwa na mama mmoja wa mtaani ambaye alilala njia nzima, akaamka tu kuniuliza kama tumefika. Tuliposhuka kwenye boti pale Andoany, mchukuzi mmoja alinyakua begi langu bila kuuliza, akaenda nalo kwenye gari lililokuwa likielekea upande mwingine kabisa wa kisiwa. Nilijua ni gari lisilo langu. Nikamfuata kimya. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa nimeshatia mguu mmoja ndani, nimekubali kuishi huko litakakokwenda, nilipomwona dada ng'ambo ya uwanja.

Alinipa mgongo. Mtoto alikuwa kalala begani mwake. Alikuwa akimsemea bibi mmoja aliyekosana na karani wa boti, akieleza, akinyoosha kidole, bibi anatikisa kichwa tu kwamba ndiyo, ndivyo. Nikaona wivu mpaka masikio yakapata moto.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Si neno lolote la lugha ninazozijua. Dereva aliangusha funguo. Kuku waliofungwa kwenye tenga walinyamaza. Uwanja mzima ukageuka, na wa mwisho kugeuka akawa dada.

"Ni nani huyo anayelia kama honi?" akaita. Halafu akaniona. Akaja mbio mbio, nusu anacheka, nusu anamzuia mtoto asiamke. Mchukuzi akamuuliza, "Huyu ni wako?" Dada akafungua mdomo kumjibu.

"Nauliziwa mimi," nikasema. "Na hilo begi, tafadhali, lishushe."